Anti, zawadi yangu imetoka kama robota!

Toleo lililopita niliteleza nikaandika sentensi moja tu, kwamba zawadi inapendezeshwa na mkunjo sio na bei ya karatasi, basi nikajua nimechokoza nyuki. Barua zimejaa, kuna wanaokubali, kuna wanaonitukana kistaarabu, na kuna wengi wanaosema "sawa Anti, sasa tuoneshe huo mkunjo." Haya. Leo ukurasa mzima ni wa karatasi, kamba na mkasi, wenye maswali ya ndoa mnivumilie mpaka toleo lijalo.

*Anti shikamoo. Mimi nikifunga zawadi inatoka kama robota la mitumba. Juzi nimenunua karatasi ya kung'aa, hela ya mfukoni yote ikaishia pale, nikafunga boksi lenye albamu ya picha, kona zikavimba kama shavu la mwenye jino bovu na seloteipu kila mahali. Rafiki yangu kaipokea akauliza, "kakufungia mdogo wako?" Nikasema ndio, Mungu anisamehe. Nakosea wapi? – Mwenye kona zilizovimba*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mdogo wako aliyesingiziwa.

Unakosea kwenye kupima, na nina uhakika hata sijakuona, manake wote tunaanza hivo hivo. Tunaweka boksi juu ya karatasi, tunakadiria kwa jicho, tunakata kubwa "isije ikapungua", alafu ile ziada yote inabidi iende mahali na mahali pekee inapoweza kwenda ni kwenye kona. Ndo uvimbe wenyewe huo. Kona haivimbi kwa sababu mkono wako mzito, inavimba kwa sababu umeilisha karatasi kuliko inavyoweza kumeza.

Sasa chukua uzi wowote au tepu ya fundi cherehani. Zungusha boksi mara moja kiunoni, yaani juu, ubavu, chini, ubavu mwingine, ongeza sentimita 3 za kupandishana, huo ndo upande wa kwanza wa karatasi yako. Upande wa pili ni urefu wa boksi, halafu kila mwisho unaongeza robo tatu ya kimo chake. Tuseme boksi lina urefu wa sentimita 30, upana 20, kimo 6. Kuzunguka ni 20 na 6 na 20 na 6, jumla 52, ongeza 3 unapata 55. Upande mwingine ni 30 na 4.5 na 4.5, unapata 39. Kata 55 kwa 39, basi, usiongeze hata kidogo cha kujifariji.

Fanya kazi mezani au sakafuni, sio kitandani wala kwenye mapaja, kitanda kinabonyea na karatasi inafuata. Upande mzuri wa karatasi uangalie chini, boksi nalo ulilaze kifudifudi, ili mshono uje kukaa mgongoni. Leta upande mmoja, ubane. Upande wa pili, kabla hujaubana, kunja ukingo wake ndani sentimita moja. Watu hawauoni huo mkunjo ila wanauhisi, ile alama ya mkasi iliyopinda pinda imejificha na sasa una mstari ulionyooka kama wa kiwandani.

Alafu sasa kona, hapa punguza mwendo. Simamisha boksi ule mwisho ulio wazi ukuelekee. Sukuma karatasi ya ubavuni ndani, kushoto na kulia, mpaka iguse boksi kabisa, utaona juu na chini zimejitengeneza pembe mbili kama mabawa. Pita na kucha kwenye kila mkunjo, au mgongo wa kijiko, au ukingo wa rula, bonyeza uvute, karatasi ikumbuke ilipokunjwa. Bawa la juu lishushe. La chini likunje ncha kidogo lipate ukingo ulionyooka, lipandishe, libane. Kipande kimoja tu cha seloteipu, katikati. Ukijikuta unaweka cha pili na cha tatu ujue mkunjo hukuubonyeza, rudi nyuma ubonyeze.

Na seloteipu yenyewe ifiche. Kuna ile ya pande mbili, ukiwa nayo vizuri, kama huna kata kipande cha kawaida ukizungushe kiwe pete, gundi iangalie nje, kiweke chini ya ukingo. Kazi ni ile ile.

Kuhusu hiyo karatasi ya kung'aa, nitasema ukweli nijipatie maadui: ni karatasi ngumu kuliko zote kwa anayejifunza. Inateleza, haikubali kukunjwa, na kila alama ya kidole na kila kosa inakuonesha. Karatasi ya kaki, ile ya kahawia ya bahasha, ni ya bei ya chini na ina adabu, ukiikunja inabaki ilipokunjwa. Anza na hiyo.

*Anti, mimi nilipima vizuri kama ulivyowahi kusema ila karatasi niliyonayo ni fupi! Inabaki sentimita tatu hivi tumbo la boksi liko nje. Kununua nyingine siwezi, mwezi umekaba. – Tumbo wazi*

Usinunue. Izungushe karatasi, boksi likae kimshazari juu yake, yaani kona za karatasi ziangalie mbavu za boksi badala ya kona za boksi. Utashangaa, karatasi ile ile iliyokuwa fupi mara nyingi inatosha.

Hata hesabu ipo, na kama ulichukia hesabu shuleni hii utaipenda kwa sababu inaokoa hela. Kwa boksi lenye kitako cha mraba au kinachokaribia mraba, pima kona hadi kona ya kitako, ongeza kimo mara moja na nusu, hapo umepata upande mmoja wa karatasi ya mraba unayohitaji. Boksi la 20 kwa 20 lenye kimo cha 6: kona hadi kona ni kama 28, kimo mara moja na nusu ni 9, jumla 37. Kwa hiyo 37 kwa 37. Kwa njia ya kawaida niliyomwambia mwenzako wa juu ungehitaji 55 kwa 29. Piga mwenyewe, ya kimshazari imekuokolea karibu moja ya saba ya karatasi, na kona nne zinakutana katikati kwa juu kama bahasha, unaziba kwa stika moja au kipande kimoja cha seloteipu. Ila boksi likiwa refu na jembamba njia hii haikufai, inakula karatasi zaidi, usije kusema Anti kanidanganya.

Na kama hata kimshazari imegoma, basi acha kuficha. Kata ukanda wa karatasi ya rangi nyingine kabisa, upana wa kama kiganja, uzungushe katikati pale penye tumbo wazi kama mkanda wa suruali. Yaani uliyekuwa na aibu sasa una mtindo. Ukanda huo ufanane na kitu kingine kwenye zawadi, kamba au kadi, ionekane ulikusudia tangu asubuhi.

*Anti habari. Mimi ni baba wa watoto wawili. Binti yangu anataka kumpa rafiki yake mpira, na huyu mwingine ana chupa ya manukato na doli lenye miguu iliyotawanyika. Hivi vitu havina kona hata moja, nimejaribu mpaka nimerusha karatasi ukutani. – Baba wawili*

Nzuri baba. Karatasi haina kosa, kosa ni kulazimisha kitu cha mviringo kivae nguo ya boksi.

Dawa ya kwanza ni kutafuta boksi. La viatu, la simu, la balbu, lolote, tia doli ndani, jazia nafasi kwa karatasi zilizokunjamana lisicheze, kisha rudi kwenye somo la kona. Mimi maboksi situpi, nyumbani wananicheka, ila siku wakitaka kufunga kitu wanakuja mmoja mmoja na sauti ya upole.

Dawa ya pili inanifurahisha kuliko zote. Chukua boksi lolote au kitabu kinene chenye ukubwa unaoutaka, kifunge kwa karatasi kama kawaida, ila mwisho mmoja usiufunge kabisa, na huko juu acha karatasi ndefu zaidi. Alafu chomoa boksi. Umebaki na nini? Mfuko wa zawadi! Kitako chake kimekaa sawa, mbavu zimenyooka, tia doli ndani, kunja mdomo mara mbili, toboa matundu mawili, pitisha kamba. Mifuko ya dukani imetengenezwa hivo hivo tu, tofauti yako na wao ni mashine. Tumia karatasi nzito kidogo, na kitako kiongezee kipande cha kadibodi ndani kama kitu ni kizito.

Mpira na chupa vipeleke kwenye kitambaa. Wajapani wana kitambaa chao cha mraba wanakiita furoshiki, wamefungia vitu humo kwa karne nyingi, na mwaka 2006 waziri wao wa mazingira wa wakati huo, Yuriko Koike, alitoa kimoja kilichotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizorejelezwa ili kuwakumbusha watu waache mifuko ya kutupa. Huhitaji cha Japani, kitambaa chochote cha mraba kilichopindwa kingo kinafaa, hata mtandio. Kipimo: kitu unachofunga kiwe kama theluthi ya kona hadi kona ya kitambaa. Mpira unauweka katikati, unafunga kona mbili zinazotazamana juu yake, kisha mbili zilizobaki unafunga juu ya fundo la kwanza, tayari una mpini wa kubebea. Chupa unaisimamisha katikati, kona mbili unafunga juu ya kifuniko, zile mbili nyingine unazipitisha nyuma zipishane, unazirudisha mbele unafunga tumboni. Chupa kubwa ya sentimita 30 inataka kitambaa cha kama sentimita 70 kila upande, hiyo ya manukato hata leso ya mfukoni inatosha. Hakuna seloteipu, hakuna mkasi, na aliyepewa anapata zawadi mbili.

Binti afunge mwenyewe huo mpira, baba. Uwe karibu, mikono mfukoni.

*Mambo Anti! Swali fupi, kufunga zawadi na gazeti ni ushamba au ni swaga? Tumebishana mpaka tukanuniana. – Wapangaji wa chumba kimoja*

Poa wanangu, na muache kununiana kwa sababu wote mko sahihi. Gazeti likifungwa hovyo linaonekana umekosa hela, likifungwa na kona kali na kamba moja nzuri linaonekana umefikiri. Karatasi ile ile.

Ila sikilizeni yaliyonikuta. Niliwahi kumfungia mama mmoja mtu mzima zawadi yake ya siku ya kuzaliwa kwa gazeti, kona safi, kamba ya katani, nikajisifu moyoni. Amepokea, kavaa miwani, kaanza kusoma. Kimya. Nachungulia nakuta pale juu kabisa, katikati, nimemuwekea ukurasa wa tanzia na picha za marehemu wamejipanga. Sikuwa na pa kuweka uso. Kwa hiyo someni kwanza! Ukurasa wa chemshabongo ni mzuri, wa michezo kwa mpenda mpira, wa katuni kwa mtoto, gazeti la lugha ambayo aliyepewa haisomi linapendeza vilevile kwa sababu herufi zinageuka mapambo tu.

Jingine ni wino. Wino wa gazeti unatoka, unapaka vidole na unapaka kitu cha ndani. Kama ni nguo, hasa nyeupe, ifunge kwanza kwa karatasi safi ndio gazeti lije juu. Na mkimaliza naweni mikono kabla ya kugusa riboni.

Mbali na gazeti kuna ramani za zamani, kurasa za kalenda ya mwaka uliopita (zile picha kubwa, upande wa nyuma mweupe), karatasi za muziki, mifuko ya kaki iliyochanwa na kugeuzwa ndani nje. Karatasi nyeupe ya kawaida mnaweza kuipiga muhuri wenyewe, chukueni ufutio wa shule, mchonge nyota au jani kwa wembe taratibu, mchovye kwenye wino au rangi, mpige. Mihuri ikipinda msirekebishe, ikiwa sawasawa sana inaonekana ya kununua na mtakuwa mmejisumbua bure.

Tena niwape ya kuwatambia marafiki. Hii biashara ya karatasi ya zawadi yenye maua maua inasimuliwa kwamba ilipata mwanya kwa sababu ya kupungukiwa. Mwaka 1917, Kansas City huko Marekani, duka la ndugu wawili wa ukoo wa Hall, walioanzisha kampuni ya Hallmark, liliishiwa karatasi laini za kufungia msimu wa sikukuu, wakatoa karatasi za mapambo zilizotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kuweka ndani ya bahasha. Zikaisha. Yaani walitumia kilichokuwepo, kama nyie na gazeti lenu.

*Anti mpendwa, riboni yangu nikiifunga ua linakaa wima kama masikio ya punda, halilali. Na miisho inachanika nyuzi nyuzi. Halafu kila mara riboni inanipungukia nikiwa nusu njia. – Masikio ya punda*

Umenichekesha, ila tatizo lako ni dogo na linatibika leo leo. Ua linakaa wima kwa sababu mafundo yako mawili yanaelekea upande mmoja. Angalia, ukianza kwa kupitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, basi ukija kufunga kitanzi, safari hii kushoto ndo kupite juu ya kulia. Ukirudia kulia juu ya kushoto mara zote mbili fundo linajipinda na ua linasimama. Na kamba za viatu ni hivo hivo, kama zako zinafunguka funguka kila saa na vitanzi vinaangalia mbele na nyuma, ndo ugonjwa huo huo.

Kupungukiwa: hesabu tena, usininunie. Riboni ya kuvuka boksi msalaba ni urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara nne, alafu sentimita 60 za ua. Lile boksi la 30 kwa 20 kwa 6 linataka 60, 40, 24 na 60, jumla 184. Weka katikati ya riboni juu ya boksi (acha upande mmoja uwe mrefu kidogo), shusha miisho chini, ipishane kwa kuzungushana mara moja kitakoni, ipandishe mbavu zilizobaki, funga juu.

Ila kama hela ni ya kubana, msalaba ni anasa. Zungusha mara moja tu, tena sio katikati, isogeze pembeni theluthi moja ya boksi, sehemu kubwa ya riboni inaokoka na kwa jicho langu inapendeza zaidi ya msalaba. Au acha riboni kabisa: kamba ya katani, uzi wa kufumia uzungushe mara tano sita, ukanda uliokatwa kwenye shati lililochakaa. Chomekea jani bichi au kijiti chenye maua makavu chini ya kamba. Kitu kimoja jamani, kimoja! Nimeona zawadi ina riboni, ua la plastiki, stika, majani, pambapamba za kung'aa na puto juu, unatafuta zawadi yenyewe iko wapi.

Miisho kata kwa mshazari au kwa umbo la V, haichaniki upesi kama iliyokatwa mraba. Riboni ya nailoni ipitishe haraka pembeni ya moto wa kiberiti, sio ndani ya moto, ikiwa mbali na karatasi. Ile riboni nyembamba ya plastiki unayotaka ijikunje kama nywele, vuta ubavu wake usiong'aa juu ya makali ya mkasi kwa kidole gumba, taratibu na bila kusita, ukisita inakatika mawimbi.

*Anti, nina hereni ndogo tu na noti iliyokunjwa. Bahasha naona kama nalipa deni. – Mdogo*

Bomba la kadibodi la karatasi ya chooni, mdogo wangu. Usicheke. Libonyeze liwe bapa, chora nusu duara kila mwisho kwa kufuatisha mdomo wa kikombe, pita juu ya mstari na kalamu iliyoisha wino ili uchoreke bila kukatika, kisha sukuma ndani upande mmoja na mwingine juu yake. Unapata kijiboksi kama mto mdogo. Kivishe karatasi nzuri kabla ya kukunja na hakuna atakayejua kilitoka wapi, mimi sitasema.

*Anti na heshima zako zote, haya ni mambo ya kupoteza muda. Karatasi inachanwa ndani ya sekunde kumi inatupwa, tunaharibu miti na mazingira, na zawadi ni ile ile. Mimi nafunga kwa mfuko wa rambo maisha yangu yote na sijakosa marafiki. – Mfuko wa rambo*

Karibu sana, nilikuwa nakusubiri.

Hilo la mazingira una hoja, isipokuwa wewe mwenye mfuko wa plastiki ndo unaniletea kesi ya miti, sawa. Karatasi nyingi za kung'aa na zenye chenga chenga zimechanganywa na plastiki au chuma chembamba hivyo hazirejelezwi. Jipimie mwenyewe: finyanga kipande mkononi, achia. Kikibaki kimefinyangika kuna uwezekano mkubwa ni karatasi kweli, kikijifungua chenyewe kina plastiki. Na isiyo na plastiki unaweza kuitumia tena, kata sehemu zenye gundi, weka kitambaa juu, piga pasi ya moto mdogo bila mvuke, inarudi kama haijawahi kuolewa. Ile ya plastiki usiitie pasi, utalia na pasi yako.

Hilo la kwamba zawadi ni ile ile, watafiti wamelichunguza kweli. Mwaka 1992 Daniel Howard alichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba kitu kilichofungwa mtu anakipenda zaidi kuliko kitu hicho hicho kikiwa uchi, kwa sababu lile karatasi linamkumbusha furaha alizowahi kupata. Lakini ngoja, kuna utafiti mwingine uliotoka 2019 wa Jessica Rixom na wenzake, ambao unakupendelea wewe kidogo. Waliwapa watu vikombe, vingine vimefungwa kwa unadhifu, vingine hovyo, wakakuta kwamba vya hovyo vilipendwa zaidi, na walipowaambia wengine wawaze zawadi imetoka kwa rafiki ikawa hivyo hivyo! Sababu ni kwamba unadhifu unapandisha matarajio, mtu anaona kona kali anawaza humu kuna jambo, akifungua kikombe anapoa. Ila kwa mtu mliyefahamiana juu juu ikawa kinyume, unadhifu unamwambia kwamba unamthamini.

Kwa hiyo marafiki zako wa karibu endelea kuwapa kwenye rambo, una sayansi nyuma yako. Bosi na wakwe, rudi juu usome kuhusu kona.

*Anti nimekwama nje ya mji na zawadi ya kufunga, nina karatasi na kamba ila seloteipu hakuna na duka hakuna. Nimefeli? – Bila gundi*

Hujafeli. Ile seloteipu ya kuonea upande wa pili imetengenezwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M mwaka 1930, unadhani kabla ya hapo watu hawakupeana zawadi? Walifunga kwa kamba na wakaziba kwa lakiri, ile nta ya muhuri. Funga kimshazari kama nilivyomwambia Tumbo wazi, kona ya mwisho ichomeke ndani ya mkunjo wa kona iliyotangulia, shikilia kwa kiganja, zungusha kamba. Kamba ndo inashika kila kitu. Usilegeze hadi fundo la mwisho, mwombe mtu akuwekee kidole juu ya fundo la kwanza.

*Anti nisaidie haraka! Nimefunga zawadi nne za watu wanne, karatasi moja, kamba moja, nimependezewa na nafsi yangu, sasa sijui ya nani ni ipi na maboksi yote yanalingana. – Nimejifungia nje*

Wewe sasa umefaulu somo hadi limekudhuru. Usichane. Anza kwa kuzipima kwa mkono na kuzitikisa karibu na sikio, mbili angalau zitajitaja zenyewe. Zilizobaki, chagua mwisho mmoja wa boksi, sio mshono wa mgongoni, fungua kamba, puliza joto la mashine ya kukaushia nywele juu ya seloteipu kwa nusu dakika mpaka gundi ilegee, inyanyue taratibu kuanzia kona moja, chungulia, rudishia. Mikunjo ikiwa ulibonyeza kwa kucha itarudi yenyewe mahali pake.

Na ukishajua, andika herufi ndogo kwa penseli kitakoni kabla hujageuka kuchukua kamba. Mimi huwa nafanya hivyo tangu siku ile mjomba wangu alipofungua boksi la hina na vibanio vya nywele, akashukuru sana.